Tamaa ya Mwanadamu katika Fikra za Magharibi: Je, ni Maumbile au ni Historia?

UTANGULIZI

Katika madarasa ya itikadi kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Mkufunzi akisha kueleza misingi ya usawa na ubaya wa unyonyaji, mwanafunzi mmoja husimama na kusema: "Ndugu Mkufunzi, maneno haya ni mazuri, lakini mwanadamu ameumbwa na tamaa. Akipata moja anataka mbili. Siasa inayomtaka ajiwekee mpaka inapingana na maumbile yake." Darasa hucheka, na wengi humuunga mkono.

Swali hili si la mzaha. Kama ni kweli kwamba mwanadamu wa kila zama na wa kila nchi ameumbwa kutaka bila kikomo, basi kazi yote ya elimu ya siasa ni kutwanga maji kwenye kinu. Na sisi wakufunzi, tuseme kweli, mara nyingi tumelijibu swali hili vibaya. Tumejibu kwa kukemea. Tumesema tamaa ni ugonjwa wa mabepari, kisha tukaendelea na somo. Lakini kukemea si kujibu, na mwanafunzi huketi akiamini kwamba ameshinda.

Hoja ya mwanafunzi huyo si yake peke yake. Imetoka katika vitabu vya falsafa na vya uchumi vya Ulaya, ikapita katika shule na ofisi, hadi ikafika mitaani ikiwa jambo ambalo kila mtu hulisema bila kujua lilikotoka. Shabaha ya makala hii ni kuichunguza asili yake. Tutaonyesha kwamba wanafikra wa Magharibi hawakuwa na kauli moja juu ya tamaa. Kwamba kwa karibu miaka elfu mbili wakubwa wao walihesabu tamaa isiyo na mpaka kuwa ni maradhi. Na kwamba kauli ya kuifanya sheria ya maumbile ilishika nguvu katika kipindi maalumu, sambamba na kukua kwa ubepari. Mwisho tutauliza swali gumu zaidi ambalo linatuhusu sisi makada: ni nani mwenye haki ya kuamua kipi ni haja na kipi ni tamaa?

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maneno. Haja ni kile ambacho mtu akikikosa anadhurika: chakula, maji, makazi, matibabu. Hamu ni mvuto wa moyo kuelekea kitu, kiwe kizuri au kibaya. Tamaa, kwa matumizi yetu ya kawaida, ni hamu iliyovuka kiasi. Hata hivyo lugha hiyo hiyo ikisema kwamba mtu "amekata tamaa" haimsifu bali inamsikitikia. Maana yake ni kwamba Kiswahili kinatambua tamaa kuwa pia ni tumaini, nguvu inayomwamsha mtu asubuhi kwenda shambani. Tuikumbuke maana hii ya pili, kwa sababu tutairudia.

WAYUNANI: TAMAA NA MPAKA WAKE

Plato, aliyeishi Athens takriban kati ya mwaka 427 na 347 kabla ya Kristo, aliigawa nafsi ya mtu katika sehemu tatu: akili, ghadhabu yenye kutafuta heshima, na matamanio. Sehemu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo hupenda fedha, kwa kuwa fedha ndiyo njia ya kupata mengine yote. Plato hakusema sehemu hii ing'olewe. Alisema iongozwe na akili, kama vile mji unavyopaswa kuongozwa na wenye hekima.

Lakini mafundisho yake yenye uzito zaidi kwetu yamo katika Jamhuri, pale anapojenga mji kwa maneno. Kwanza anaeleza mji wa watu wanaokula mkate wa shayiri na ngano, zeituni, jibini na tini, wanaolala juu ya majani na kuimba pamoja. Mmoja wa wanaozungumza, Glaucon, anaudharau mji huo na kuuita mji wa nguruwe. Anataka makochi, manukato na vyakula vya anasa. Hapo mji unavimba kama mtu mwenye homa. Ardhi iliyotosha haitoshi tena. Inabidi kumega ardhi ya jirani, na jirani naye, kama ameingia katika tamaa hiyo hiyo, atataka kumega yetu. Hivyo ndivyo, asema Plato, vita vinavyozaliwa. Tunaona kwamba tangu zamani hizo mwanafalsafa aliyetoka katika tabaka la juu aliona uhusiano kati ya anasa ya ndani na uvamizi wa nje.

Baada ya hapo anauliza jinsi ya kuwazuia walinzi wa mji wasiwageukie raia kama mbwa anayegeuka kuwa mbwa-mwitu. Jibu lake ni la kimfumo, wala si la mahubiri tu. Walinzi wasiwe na mali ya binafsi zaidi ya ile ya lazima. Wasiwe na ghala ambalo wengine hawawezi kuingia. Wale pamoja. Wasiguse dhahabu wala fedha. Siku watakapomiliki ardhi, nyumba na fedha, watakuwa wenye mashamba na wafanyabiashara badala ya walinzi, na mabwana badala ya wenzi wa raia. Jambo hili tutalirudia.

Aristotle (384–322 K.K.) alikwenda mbali zaidi katika uchambuzi wa uchumi. Alitofautisha aina mbili za kutafuta mali. Ya kwanza ni ile ya kuitunza nyumba na mji: hii ina mpaka, kwa sababu vitu vinatafutwa vitumike, na matumizi yana kiasi. Anayehitaji viatu hahitaji viatu elfu moja. Ya pili ni ile ya kutafuta fedha kwa ajili ya fedha: hii haina mpaka, kwa sababu tarakimu haina mwisho. Aliona riba kuwa mbaya kupita zote, kwa kuwa ndani yake fedha huzaa fedha. Na kwa kweli neno la Kiyunani kwa riba ndilo hilo hilo la uzao. Kwa nini basi watu huingia katika njia hiyo? Aristotle alijibu kwamba watu hao wanashughulikia kuishi tu, hawashughulikii kuishi vema; na kwa kuwa hamu yao ya kuishi haina kikomo, wanataka pia njia zisizo na kikomo.

Wa tatu ni Epicurus (341–270 K.K.), ambaye jina lake limepakwa matope kwa karne nyingi kana kwamba alifundisha ulafi. Alifundisha kinyume chake. Alizigawa hamu katika mafungu matatu: zilizo za maumbile na za lazima, kama njaa na kiu, zilizo za maumbile lakini si za lazima, kama kutaka chakula cha fahari, na zisizo za maumbile wala za lazima, kama kutaka sifa, mamlaka na utajiri usio na mwisho. Za fungu la kwanza hutoshelezwa kwa urahisi. Za fungu la tatu hazitosheki kamwe, kwa sababu hazitokani na upungufu wa mwili bali na mawazo yasiyo na msingi. Katika bustani yake nje kidogo ya mji wa Athens alipokea wanawake na watumwa wawe wanafunzi, jambo ambalo lilikuwa nadra.

Hatuna budi kuwapima wanafikra hawa kwa mizani ya historia. Jamii yao ilisimama juu ya mgongo wa mtumwa. Aristotle, aliyeandika vizuri sana juu ya kiasi, aliandika pia kwamba wapo watu walio watumwa kwa maumbile. Ni rahisi kufundisha kiasi ikiwa kuni zinachanjwa na mwingine. Hata hivyo ushahidi wao unabaki: hawakumjua mwanadamu ambaye kutaka bila mwisho ndiyo afya yake.

MTUMWA, MFALME NA ASKOFU

Baada ya miji huru ya Wayunani kumezwa na madola makubwa, swali la tamaa liliingia ndani ya moyo wa mtu mmoja mmoja. Wafuasi wa mafundisho ya Stoa walisema: tenganisha yaliyo katika uwezo wako na yasiyo katika uwezo wako, na usitamani hayo ya pili. Epictetus, aliyepata kuwa mtumwa huko Roma kabla ya kuachwa huru, alifundisha hivyo. Na Marcus Aurelius, aliyekuwa mfalme wa Roma kutoka mwaka 161 hadi 180, aliandika hivyo hivyo.

Kada atafakari jambo hili. Falsafa inayoweza kumfaa mtumwa na mfalme kwa pamoja ina nguvu na ina udhaifu. Nguvu yake ni kwamba inampa mnyonge ngome ambayo bwana hawezi kuivunja: heshima ya nafsi yake. Udhaifu wake ni kwamba inaiacha minyororo mahali ilipo.

Aliyechimba ndani zaidi alikuwa Mwafrika wa Kaskazini. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo katika nchi hiyo hiyo. Katika kitabu cha Maungamo anasimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 16, yeye na vijana wenzake waliiba mapeari usiku. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na mapeari mazuri zaidi, na waliyoyaiba waliwatupia nguruwe. Basi alitaka nini? Augustino anajihoji ukurasa hata ukurasa, na mojawapo ya majibu yake ni hili: kama angekuwa peke yake asingeiba. Wenzake wakisema "twende tukafanye", aliona haya kuonekana ana haya. Hapa tunapata ugunduzi mkubwa, yaani kwamba tamaa nyingi hazitoki kwa kitu kinachotamaniwa. Zinatoka kwa macho ya wenzetu. Na katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu aliongeza tamaa nyingine aliyoiona ndiyo moyo wa dola ya Roma: uchu wa kutawala wengine.

Mafundisho haya yaliendelea katika zama za umwinyi wa Ulaya. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alirudia tofauti ya Aristotle: hamu ya mali ya asili ina mwisho, hamu ya mali ya kubuni, yaani fedha, haina. Lakini Kanisa lililokemea riba lilikuwa lenyewe mmiliki mkubwa wa ardhi, na mkulima aliyehubiriwa kiasi ndiye aliyelipa zaka. Kiasi kilihubiriwa zaidi kwa wale ambao tayari walikuwa na kidogo.

TAMAA YAGEUKA KUWA INJINI

Katika karne ya 17 na ya 18 mambo yalibadilika. Uingereza ilikuwa imeshika njia ya biashara ya kimataifa, mashamba ya watu wote yalikuwa yanazungushiwa ua, na wakulima waliopoteza ardhi walikuwa wakiuza nguvu zao kwa ujira. Katika hali hiyo alitokea Thomas Hobbes, ambaye mwaka 1651 alichapisha Leviathan. Kwa Hobbes hakuna lengo la mwisho ambalo mtu akilifikia atatulia. Raha ni mwendo wa kutoka katika hamu moja kwenda nyingine, na watu wote wana shauku ya kuongeza uwezo na mamlaka, shauku inayokoma kwa kifo tu.

Tuisome sababu anayoitoa, kwa maana ndani yake mna ungamo. Hobbes hasemi kwamba kila mtu ni mlafi kwa kuzaliwa. Anasema mtu hawezi kuwa na hakika ya kuyahifadhi aliyo nayo bila kutafuta zaidi. Yaani ni wasiwasi unaotokana na kushindana. Mwaka 1962 mwanazuoni wa Kanada, C. B. Macpherson, alionyesha kwamba "mwanadamu wa maumbile" anayechorwa na Hobbes ana sura ya mtu wa jamii ya soko, ambamo kila kitu, hata uwezo wa mtu, kina bei. Hobbes alimtazama jirani yake wa London, akadhani amemwona Adamu.

Baada ya Hobbes alikuja Bernard Mandeville, tabibu Mholanzi aliyehamia London. Kitabu chake juu ya nyuki, kilichotolewa mwaka 1714, kilidai kwamba maovu ya mtu binafsi huleta manufaa kwa umma: majivuno ya tajiri humpa kazi fundi cherehani, ulevi humpa kazi mtengeneza pombe, na mzinga wa nyuki ukigeuka kuwa na maadili utakufa kwa umaskini. Mwaka 1723 wazee wa baraza katika wilaya ya Middlesex walikishtaki kitabu hicho kuwa ni madhara kwa umma. Lakini mwaka huo huo Mandeville aliongeza insha iliyopinga shule za bure za watoto wa maskini. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa linahitaji watu wengi wasiojua kitu, ili waridhike na kazi ngumu. Ujuzi huongeza matakwa, na mwenye matakwa mengi hakubali ujira mdogo.

Ndugu msomaji, tusimame hapo. Mtu yule yule anayesifu tamaa isiyo na mpaka kwa tajiri anaiogopa tamaa ndogo ya mtoto wa maskini anayetaka kujua kusoma. Kwa hiyo hakuwa anaeleza maumbile ya mwanadamu. Alikuwa anagawa haki ya kutamani kwa matabaka.

Adam Smith alikuwa na fikra pana zaidi, na kumtendea haki ni wajibu wetu. Mwaka 1759 alieleza habari za kijana maskini anayetamani maisha ya matajiri, akajitaabisha maisha yake yote, na uzeeni akagundua kwamba jumba na gari la farasi havizuii wala hofu wala maradhi. Smith aliuita udanganyifu, lakini akasema ni udanganyifu unaoendesha shughuli za wanadamu. Na katika kitabu chake cha mwaka 1776 aliandika jambo ambalo watetezi wake wengi hulisahau: vitu vya lazima si vile tu vya kumwezesha mtu asife, bali ni pamoja na vile ambavyo desturi ya nchi inamfanya mtu wa heshima aone aibu kuvikosa. Alitoa mfano wa shati la kitani. Wayunani na Warumi waliishi bila shati hilo, lakini kibarua wa Uingereza wa siku za Smith angeona aibu kutokea hadharani bila kulivaa. Haja basi ina historia.

Jeremy Bentham, kuanzia mwaka 1789, aliiondoa mizani kabisa. Kwake raha ni raha. Mchezo wa kitoto na ushairi vikileta raha sawa vina thamani sawa. Mwanafunzi wake John Stuart Mill alishtushwa na hoja hii, akasema mwaka 1861 kwamba zipo raha za juu na za chini, na waamuzi wawe ni wale waliozionja zote mbili. Mill alitetea uhuru wa mtu kuishi apendavyo. Lakini aliajiriwa na Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki kuanzia mwaka 1823 hadi 1858, na katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru aliandika kwamba kanuni hiyo haiwahusu watu aliowaita walio nyuma.

HOJA YAFIKA MAKOLONI

Hapa pana mgongano ambao kila kada anapaswa kuukumbuka. Wachumi wa Ulaya walifundisha kwamba mwanadamu kwa maumbile hutaka zaidi na zaidi. Walipofika Afrika Mashariki, watawala na masetla walianza kulalamika kwamba Mwafrika anataka kidogo mno! Walisema hufanya kazi mpaka apate kiasi alichokusudia, kisha hurudi kwao. Ukimwongezea mshahara hupunguza siku za kazi. Malalamiko hayo hayo yalikuwa yametolewa na waandishi wa Uingereza wa karne ya 18, Mandeville akiwamo, dhidi ya wafanyakazi wa kwao.

Kama tamaa isiyo na mpaka ingekuwa maumbile, ingetosha kufungua duka na kungoja. Haikutosha. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba katika koloni lake la Afrika Mashariki, na utawala wa Waingereza baadaye ukaendelea na kodi za namna hiyo hapa na Kenya. Shabaha haikuwa kujaza hazina peke yake. Ilikuwa pia kumlazimisha mtu aitafute fedha, kwa kuuza mazao au kuuza nguvu zake. Mkulima aliyepima kazi yake kwa haja zake aliambiwa ni mvivu. Aristotle angemwita mwenye busara.

WALIOPINGA KUTOKA NDANI

Upinzani dhidi ya kauli hii ulitoka pia Magharibi penyewe. Jean-Jacques Rousseau, katika insha yake ya mwaka 1755 juu ya kutokuwapo usawa, alitofautisha kujipenda kwa aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kila kiumbe kutaka kujihifadhi. Ya pili huzaliwa katika jamii, pale mtu anapoanza kujitazama kwa macho ya wengine na kutaka awe wa kwanza. Vitu vilivyoanza kama starehe hugeuka kuwa vya lazima. Kuvikosa kunauma kuliko kuwa navyo kulivyokuwa kunafurahisha.

Karl Marx aliichukua hoja na kuiweka juu ya msingi wa uzalishaji. Katika Mtaji, mwaka 1867, alimtaja Aristotle waziwazi na kuonyesha kwamba ile njia ya pili ya kutafuta mali, fedha inayozaa fedha, sasa imekuwa mfumo mzima. Bepari halazimiki kuwa mlafi kwa tabia. Anaweza kuwa mtu mpole anayekula ugali mkavu. Lakini asipolimbikiza, mshindani atammeza. Tamaa imehama kutoka katika moyo wa mtu ikaingia katika mahusiano ya uzalishaji. Kwa hiyo mahubiri peke yake hayawezi kuiondoa.

Marx alieleza pia kwamba haja ni za kijamii. Nyumba ndogo humtosha mwenyewe maadamu nyumba za jirani ni ndogo. Jumba likijengwa kando yake, nyumba hiyo inageuka kibanda. Lakini hakusifu umaskini. Katika maandiko yake ya mwaka 1844, yaliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1932, aliukosoa ukomunisti aliouita wa kishenzi, ule unaotaka tu kuwashusha wote wafike kiwango kimoja cha chini, akisema huo ni wivu uliovaa nguo nyingine. Mtu tajiri kweli, kwa maoni yake, ni yule mwenye haja nyingi za kibinadamu: haja ya kujua, ya kuumba, ya kuwa na wenzake.

Katika karne ya 20 utengenezaji wa tamaa ulikuwa kazi ya kitaalamu. Mwaka 1929 Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, alikuwa akiisaidia kampuni ya sigara ya Marekani kupata wateja wanawake. Siku ya Pasaka, katika maandamano ya New York, alipanga wasichana wawashe sigara hadharani, na habari zikatangazwa kwamba sigara hizo ni mienge ya uhuru. Tuchambue kilichofanyika. Hamu ya wanawake ya kutaka usawa ilikuwa ya kweli na ya haki. Bernays hakuiumba, aliichukua akaifunga kwenye bidhaa. Mwenye kiu ya uhuru akauziwa moshi. Mbinu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo katika matangazo, hata yale yanayotufikia kupitia simu zilizomo mifukoni mwetu. Mwaka 1958 mchumi John Kenneth Galbraith aliuliza: kama kiwanda ndicho kinachoumba haja kinayodai kuitosheleza, tunawezaje kukisifu kwa kuitosheleza?

NANI AAMUE?

Sasa tumefika kwenye swali tuliloliahidi. Mwaka 1964 Herbert Marcuse alitofautisha haja za kweli na za uongo, yaani zile zinazopandikizwa kwa watu kwa faida ya wanaowakandamiza. Ni tofauti yenye manufaa makubwa, lakini ina hatari. Akitokea mtu akasema "mimi ndiye ninayejua haja zenu za kweli", tutamzuia kwa nini? Marcuse mwenyewe alikiri kwamba mwishoni jibu lazima litolewe na watu wenyewe, wakiwa huru kulitoa.

Hatari hiyo haikubaki katika vitabu. Mwaka 1983 Ágnes Heller, Ferenc Fehér na György Márkus, wanafalsafa waliotoka Hungaria na kuhamia Australia, walitoa kitabu juu ya nchi za Ulaya ya Mashariki. Walisema kwamba huko ulikuwapo udikteta juu ya haja: viongozi waliamua raia anahitaji nini na kiasi gani, na raia hakuwa na mahali pa kusema hapana. Katika Urusi ya Kisovieti wananchi walipanga foleni huku maduka maalumu yakiwahudumia wakubwa. Hilo ni kosa la Mandeville lililopinduliwa rangi: kiasi kwa wengi, tamaa kwa wachache.

Kwa kipimo hicho tuyatazame masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio halikumkataza mkulima kutamani baiskeli wala bati. Lilimgeukia kiongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hatusemi kwamba masharti haya yalinakiliwa kwa Plato, ingawa Mwalimu Nyerere alisoma falsafa miongoni mwa masomo yake huko Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952. Tunasema kwamba kanuni ni moja: usimtegemee mwenye mamlaka ajizuie kwa moyo wake tu, tenga mamlaka na mali.

Mwaka 1991 uamuzi wa Zanzibar ulilegeza masharti hayo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali yake, jambo ambalo si sawa na kumzuia asiitafute. Sababu za mabadiliko zilielezwa, na hali ya uchumi ilikuwa ngumu. Lakini kada hawezi kukwepa swali lililobaki: yule anayesimama jukwaani kuwahimiza wananchi wafunge mikanda, mkanda wake yeye umefungwa na nani?

HITIMISHO

Tumjibu sasa mwanafunzi wetu, bila kumkemea.

Kwanza, ni kweli kwamba mwanadamu ana hamu, na hamu hizo hukua. Spinoza, katika karne ya 17, alisema hamu ndiyo kiini cha mtu. Hatupingi. Aliyekata tamaa hajengi nchi.

Pili, si kweli kwamba hamu hiyo kwa maumbile haina mpaka. Plato, Aristotle, Epicurus na Aquinas hawakuona hivyo; wakoloni walilazimika kutumia kodi kwa sababu haikuwa hivyo. Tamaa ya fedha isiyo na mwisho hutokea pale ambapo mtu hana hakika ya kesho bila kumshinda jirani yake. Ukiondoa wasiwasi huo, kwa matibabu, elimu na ardhi iliyo salama, umeondoa sehemu kubwa ya tamaa bila hotuba.

Tatu, haja hubadilika na historia. Kijana wa leo anayetaka simu si msaliti. Shati la kitani la Smith lina umbo jipya kila kizazi. Swali la kumuuliza ni lile la Bernays: unataka kitu hiki, au unataka heshima uliyoambiwa imo ndani yake?

Nne, mpaka wa haja uamuliwe na wananchi wenyewe katika vikao vyao, kwa hoja zilizo wazi. Na mpaka wa kwanza kuwekwa uwe ule wa waliopewa dhamana. Mkufunzi asiyeanza na mpaka wake mwenyewe atacheka pamoja na darasa, au atachekwa nalo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja hamu tatu zilizo katika eneo lako la kazi. Zipange katika mafungu ya Epicurus. Je, wenzako wote wanakubaliana na mpango wako? Kama hawakubaliani, kwa nini?

2. "Bepari halazimiki kuwa mlafi kwa tabia." Eleza maana ya kauli hii, na ueleze inabadili nini katika njia zetu za kupambana na rushwa.

3. Kiongozi anayetangaza mali yake na kiongozi aliyekatazwa kuwa na mali fulani wana tofauti gani mbele ya wananchi? Toa hoja za pande zote mbili kabla ya kutoa uamuzi wako.